Taa ya Ndagala na Taa ya Viungo

Bujumbura, 12 Februari 1964

Baba Generose,

Nimefika. Usiyasikilize yote atakayokuambia Nyandwi kuhusu safari, huyo muuza ndagala anaongeza chumvi hata kwenye visamaki vyake vilivyoharibika. Kweli goti lilitoka njiani, pale kwenye daraja la Ruzizi, mbele ya askari wa mpaka. Nikalirudisha mwenyewe kwa kiganja kama tulivyozoea. Askari aliogopa kuliko mimi, akatupitisha bila kuangalia karatasi. Tangu hapo Nyandwi alisukuma baiskeli mpaka Gatumba bila kusema neno, na wewe unamjua, Nyandwi kukaa kimya ni muujiza.

Hospitali ni ya wamasera, watawa wa kike. Wodi ya wanawake inatazama ziwa, kwa hiyo asubuhi naiona milima yetu ng'ambo, na Makobola naikisia ilipo.

Munganga ni Mzungu mzee, mpole, mwenye vidole baridi. Alinikunja huku na huku, akaandika, akanikunja tena. Akasema mifupa yangu ni mizima. Kasoro iko kwenye zile kamba zinazoushika mfupa mmoja na mwenzake. Zimezaliwa legevu. Ndiyo maana bega linatoka nikianika nguo, na ndiyo maana maumivu hayalali. Nililia, Modeste. Si kwa uchungu. Miaka yote hii naitwa mvivu wa kubeba mihogo, na leo mtu mwenye koti jeupe ameniambia si uvivu.

Sasa usicheke. Dawa yao ni taa. Anayeiwasha ni Mamasera Florentine, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Inatumia umeme, haiangazi sana, ni nyekundu kama kaa lililofunikwa jivu. Unalala, anaielekeza kwenye bega au kwenye goti, na joto linaingia polepole mpaka ndani kabisa. Baadaye maumivu yananyamaza. Yananyamaza! Nilikuwa nimesahau mwili usiouma ukoje. Nililala mchana mzima kama mtoto aliyeshiba.

Nimeapa sirudi mpaka nipone. Nataka nimbebe Generose mgongoni bila kuogopa. Ile siku bega lilipotoka akaniangukia kwenye mawe, bado naisikia sauti ya kile kichwa chake. Sitaki isikike tena.

Jambo moja. Munganga aliuliza mama yangu alikuwaje. Nikasema vidole vya marehemu vilikunjika nyuma kama vyangu. Akauliza, na mtoto je? Nikajibu hapana, haraka, bila kufikiri. Mtazame, Baba Generose. Kidole gumba chake, kikisukumwa taratibu, kinalala mpaka kwenye mkono? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Mkeo,
Ernestine


Makobola, 28 Februari 1964

Bibi yangu Ernestine,

Ukiona tarehe utajua juu ya nini jibu limekawia. Giza lilikuwa, tulikuwa kazini kila usiku. Sasa mwezi iko mukubwa, maji yanang'aa yote, ndagala hawana haja tena ya taa yangu. Taa inapumzika, na minye napumzika. Kwa hiyo barua zangu zitakuja na mwezi mukubwa, usiniulize katikati.

Nimefurahi sana sana. Nimesomea mama yangu mahali pa kamba. Akaenda kupika, na nikasikia sufuria zinapigwa kwa nguvu. Unamujua, akiona haya anapiga sufuria.

Lakini hii taa yenu nimeifikiri mpaka kichwa kinauma. Sisi tunawasha taa ya presha juu ya maji. Ndagala wanaiona kule chini, wanapanda mingi mingi. Halafu mwenzangu anatia lusenga, anawachota. Taa peke yake haivui kintu, Ernestine. Usipotia ule wavu, watazunguka pale, wakimaliza wanarudi chini kwao. Sasa weye: taa inayaita maumivu, yanapanda mpaka chini ya ngozi. Nani anayachota? Uulize mamasera. Isije ikawa wanayaita tu, halafu wakizima yanarudi mahali pake.

Mutoto iko muzima. Anakula, anapigana na mbuzi wa jirani Célestine, kila asubuhi anauliza mama iko wapi, na minye namuonyesha ng'ambo. Wavuvi bado wanamuita Dipanda, juu alizaliwa mwezi wa uhuru. Yeye anajua ni jina lake la kweli. Siku ile katekista Étienne alimuita Generose, akageuka kutafuta nani ameitwa.

Kuna vijana wanapita huku, wanatoka njia ya Fizi. Wanasema dipanda ya kwanza iliharibika, wanataka ya pili. Minye nikawaambia ya kwanza yangu iko hapa, inapigana na mbuzi. Hawakucheka.

Kula vizuri. Nyandwi amebeba ndagala wakavu, ukisikia karatasi hii inanuka ni wao.

Bwana yako,
Modeste


Bujumbura, 14 Machi 1964

Baba Generose,

Barua yako ilinuka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniomba nimgawie. Nimegawa ndagala. Barua nimebaki nayo.

Swali lako la lusenga nilimpelekea Mamasera Florentine. Alicheka mpaka akakaa juu ya kitanda cha watu. Akataka nimweleze tena, ndagala wanapanda vipi, wavu una mpini wa kiasi gani. Mwishowe akaniambia mume wako ana akili sana, akaanza kufuta kioo cha taa kwa kitambaa.

Mimi napona. Munganga ameridhika na mimi. Baada ya taa wananifunga kiungo kwa bendeji, halafu nakaza msuli na kuulegeza, nakaza na kuulegeza, kazi ya kipuuzi lakini inasaidia. Wamenipa kazi ya kukunja mashuka pale stoo, nakaa kwenye kiti. Watanishika huku kidogo zaidi, mpaka nipone vizuri. Usinihesabie siku.

Hukunijibu kuhusu kidole gumba. Najua ulisahau, una mambo mengi. Mwangalie basi, uniandikie mwezi ukiwa mkubwa.

Mwambie mama aache sufuria zake. Sina kinyongo.

Ernestine


Makobola, Pasaka, 29 Machi 1964

Mukamwana wangu,

Minye Agnès, mama wa bwana yako, njo nasema. Anayeandika ni Étienne, katekista. Amekunywa kidogo juu ya Pasaka lakini mukono wake iko sawa. (Sikunywa. Étienne.)

Mwezi iko mukubwa na Modeste alisema atakuandikia. Akashika karatasi, akaiweka. Jana akaishika tena, akaiweka. Nikamwambia kama kalamu inakuuma leta, minye sina haya ya kusema na mutoto wangu. Akatoka nje kwenda kushona nyavu ambazo hazijatoboka.

Habari njema ni ya mutoto. Leo kanisani watoto walicheza mbele ya altare, na Dipanda wetu akawashinda wote, hata wakubwa. Ungeona ile mikono! Vidole vinakunjika nyuma mpaka vinalala kwenye mukono, mabega yanazunguka bila kukwama. Watu wakapiga vigelegele. Célestine akasema, huyu ni Ernestine mutupu. Nikasema kabisa, kidole kwa kidole! Sasa kila mugeni akifika namuita, namuambia onyesha, anaonyesha, anacheka mwenyewe. Usiku tu analia magoti, anataka nimukande. Lakini hiyo ni kukua. Hata Modeste alilia hivi.

Kingine. Zamani nilisema kwa watu kwamba uko muvivu. Étienne, andika hiyo. Nilisema, tena mara mingi. Sasa nasikia kumbe ni kamba. Ju ya nini hukuniambia ni kamba? Ningejuaje? Basi urudi. Mihogo iko mingi, hautabeba, utakaa kivulini umenye tu, minye nitabeba. Nikichoka tutamubebesha Étienne. (Sikukubali hilo. Étienne.)

Mungu akulinde.

Mama Agnès, kidole chake hapa chini


Bujumbura, 11 Aprili 1964

Modeste,

Leo sikuandikii kama Baba Generose.

Mama ameniambia kwa vigelegele kitu ulichonificha kwa huruma. Nilikuwa nasoma nikicheka, nimefika kwa Étienne na pombe yake, nimefika kwa altare, nikafika kwenye vidole. Mashuka yote niliyokuwa nimekunja niliyaangusha.

Simkasirikii mama, yeye alileta furaha yake. Wewe nakujua. Ulimngoja alale, ukakishika kidole kile, ukakisukuma kidogo. Kikaenda. Ukakiachia kama umeshika moto, ukaamua kwamba usiponiandikia basi hakijaenda. Mume wangu, uchungu nimeuzoea tangu utotoni. Ukimya wako sijauzoea, na sitaki kuanza sasa.

Sikiliza vizuri, umsomee na mama. Asimnyanyue mtoto kwa mikono, hata mara moja. Amshike chini ya kwapa na chini ya makalio. Asimwonyeshe tena kwa wageni, kila akivikunja vile vidole kamba zinazidi kulegea. Magoti yakimuuma usiku, si kukua. Ni yale yale yangu. Mtilieni joto, halafu kitambaa, kikaze bila kubana. Mfupa ukitoka, usivute, wala usiogope mbele yake. Uushike kama ulivyokuwa unanishika mimi, umwimbie kitu, utarudi wenyewe.

Nilimwombea achukue macho yako, na urefu wako, na kicheko cha mama. Akaja akachukua hiki kwangu. Nimekaa na jambo hili wiki nzima, sijui niliweke wapi.

Lakini usiogope. Mimi napona, si umesikia? Basi.

Ernestine


Makobola, 25 Mei 1964

Mama Generose, bibi yangu,

Mwezi mukubwa mbili zimepita sikuandika. Ya kwanza niliogopa. Ya pili niliona haya. Hii ya tatu kuna vita, na nimeona kwamba haya ni kitu cha watu wenye amani.

Umesikia huko, najua. Wale vijana wa dipanda ya pili wameingia Uvira. Kalundu bandarini hakuna mashua inayopakua mizigo. Wanaokimbia wanapita hapa na magodoro juu ya kichwa, wengine wanaenda juu milimani, wengine wanatoka juu. Nyandwi bado anavuka, anapita wapi simuulizi. Wametukataza kuwasha taa ziwani, wanasema inaonyesha njia kwa adui. Taa za wengine wamechukua. Yangu nimeizika kwenye shamba la mihogo, kwenye pipa, na nyama ya kifua changu imebaki pale pamoja nayo.

Sasa nikwambie yote, vile ulitaka. Siku risasi zilisikika upande wa barabara, mama alitaka kukimbia na mutoto. Akasahau. Akamunyanyua kwa mukono mumoja. Bega likatoka. Ernestine, ile sauti aliyolia ni yako, ile ile, siku ya mawe. Tulikuwa ndani ya mihogo, watu wanapita karibu, na minye nikamushika vile nilikuwa nakushika weye. Nikamuimbia wimbo wa kuvuta nyavu, pole pole, sikioni. Likarudi. Akalala. Tangu hapo mama hataki hata kumugusa, anasema mikono yake ni ya kuvunja. Umuandikie kintu, minye hanisikilizi.

Halafu nikafanya ujinga. Nilisema joto la kawaida la jiko halitoshi, yenu ni taa, tena nyekundu. Nikafukua taa yangu, nikaiwasha mchana ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa, nikaifunika na kile kitambaa chako chekundu cha kanisani. Ilikuwa muzuri sana, nyumba yote nyekundu, Dipanda akapiga makofi. Halafu kitambaa kikashika moto. Kitambaa chako kimekufa, bibi yangu. Nyusi zangu pia. Mutoto alicheka mpaka akasahau bega. Tangu hapo nawasha bila kitambaa, mbali, urefu wa mukono wangu, na kweli analala. Lakini kesho yake yanarudi.

Njo nimekata shauri. Taa yangu ni ya kuita tu. Yenu inaponyesha, weye mwenyewe umesema unapona. Namuleta. Mwezi huu ukiisha, giza la mwezi wa sita likiingia, tunavuka na mutumbwi, minye na yeye. Wameweka bunduki huko kwenye maji, watu wawili wa hapa hawakurudi, lakini nalijua ziwa kuliko wao. Ukiwa umepona na yeye apone. Siwezi kukaa hapa nasikia ile sauti na dawa iko ng'ambo naiona kila asubuhi.

Modeste wako


Bujumbura, 1 Juni 1964

Modeste, usivuke.

Namwombea Nyandwi dua na nakuandikia wewe hii, sijui ipi itafika. Usivuke, usimtie mtoto majini.

Sijapona. Sitapona. Munganga aliniambia mwezi wa tatu, kabla hata sijakuandikia barua ile ya mashuka. Alikaa karibu na kitanda akasema mama, hizi kamba hazikazwi na dawa yoyote ya leo. Taa inatuliza. Ikizimwa, kesho maumivu yanarudi. Wewe uliuliza nani anayachota. Hakuna anayeyachota. Ndiyo maana Mamasera alifuta kioo, hakutaka kuniambia kwamba mume wangu mvuvi, kutoka Makobola, amelijua lile asilotaka kulisema yeye.

Nilikuficha kwa sababu niliapa kurudi mzima. Nilipoambiwa sitakuwa mzima, nikaona haya ya kurudi. Nilisema nikunje mashuka kidogo, labda itatokea kitu. Nilijiambia Modeste ni kijana bado, akizoea kukaa bila mimi atapata mwanamke wa kubeba maji na mihogo, na mtoto atapata mgongo usioangusha. Ndivyo nilivyofikiri kitandani hapa, nikiangalia milima yenu. Halafu nikasikia kwamba mtoto ni kama mimi, na badala ya kusema ukweli nikaandika tena napona. Nilitaka uwe na tumaini juu yake. Sasa tumaini hilo limekupa kasia mkononi.

Ukimleta kwa ajili ya kupona, hatapona. Mkipigwa risasi, mmepigwa kwa neno langu. Nakuomba kwa jina la mtoto wetu, kaa. Washa taa yako urefu wa mkono, kama ulivyofanya. Umefanya vizuri, hata Mamasera asingefanya zaidi.

Mwambie mama mikono yake si ya kuvunja. Mimi mwenyewe nilimwangusha, na bado nataka kumshika.

Nisamehe au usinisamehe, lakini usivuke.

Ernestine


Makobola, 9 Juni 1964

Ernestine,

Hii ni barua ya giza. Sijakuandikia hata moja wakati wa giza tangu tuoane. Naandika upesi, Nyandwi iko mulangoni.

Yako nimepata. Nimeisoma, nikamusomea mama. Alipiga sufuria zote za nyumba.

Unasema taa haiponyeshi, ikizimwa maumivu yanarudi. Sawa. Weye umefikiri hiyo itaniangusha moyo? Minye ni muntu wa taa, Ernestine. Kila giza nawasha, tunavua, asubuhi ziwa iko na ndagala kama sijawahi kufika pale. Sijarudi hata siku moja nikakuambia nimeshindwa juu bado kuna samaki. Nilienda tena jioni. Hiyo kazi ya kuwasha kila siku, kitu hakiishi, naijua tangu utoto. Ju ya nini haukuniuliza? Ungeniuliza mwezi wa tatu, ningekuja kukuchukua mwezi wa tatu.

Na huyo mwanamke wa kubeba mihogo, umulete nimuone. Nitamufukuza na kasia.

Hapa hatukai tena. Jana wale vijana wamekuja kutafuta wavuvi wa kuwapeleka kwa nguvu, na shamba la mihogo wamelala ndani. Tukibaki ni hatari, tukivuka ni hatari. Basi tunavuka. Siyo juu ya taa. Tunakuja kwako.

Nimeacha lusenga kwa Étienne. Taa naibeba, na mutoto nimemufunga kifuani na kitambaa, si mgongoni, kamba zake zisivutike. Mama anakataa kutoka. Anasema mbuzi wa Célestine watabaki bila mutu wa kuwatukana.

Usikae kwenye maji kutungoja, goti lako lisitoke.

Modeste


Buyenzi, Bujumbura, 25 Juni 1964

Mama,

Najua atakayekusomea ni Étienne, basi namsalimu. Asome polepole, asiruke.

Wamefika. Wazima wote wawili. Walilala njiani kwenye matete, upande wa mdomo wa Ruzizi, kwa sababu kulikuwa na mashua iliyokuwa inapita na kurudi, na Generose hakulia hata kidogo. Modeste anasema alimwambia tunacheza kujificha, naye akajikaza mpaka kulipokucha, akauliza, sasa tumeshinda? Niliwangoja pwani. Alinikataza, nikaenda. Goti lilitoka. Nikalirudisha, nikaendelea kukaa palepale kwenye mchanga, na wavuvi wa huku wakaniona mwenda wazimu.

Mama, hakunijua mara moja. Miezi minne kwa mtoto ni mingi. Alijificha nyuma ya mguu wa baba yake akaniangalia kwa jicho moja. Niliogopa kumgusa. Nilikuambia kwa barua mikono yako si ya kuvunja, nikagundua nilikuwa najiambia mwenyewe.

Kesho yake nikawapeleka hospitali. Unamjua mwanao. Miezi yote hii ameifikiria ile taa, amebeba yake katika mtumbwi akiikumbatia kama mtoto wa pili. Mamasera Florentine akafungua mlango, akaionyesha. Modeste akaizunguka. Akaitazama nyuma. Akasema, "Njo hii? Ndogo hivi? Hii haiwezi kuita hata ndagala mumoja!" Mamasera alilazimika kukaa tena kwa kicheko.

Tukalala chini yake, mimi na Generose, kitanda kimoja, goti langu na goti lake. Joto likaanza kuingia. Niliona anavyolegea, uso ule uliokuwa umekunjamana tangu pwani ukafunguka, na nikajua ni kiasi gani alikuwa anaumwa bila kutuambia, maana hajui kwamba kuna watu wasioumwa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kamba zote. Nilitaka kumwomba msamaha, mtoto wa miaka minne, sikujua maneno yake ni yapi.

Halafu akauona mkono wangu juu ya shuka. Akakishika kidole gumba changu, akakisukuma polepole, vile nilivyowaandikia mumfanyie yeye. Kikalala mpaka kwenye mkono. Akafungua macho makubwa. Akakiachia, akasukuma chake. Akaangalia changu, akaangalia chake.

"Mama, weye pia?"

Nikasema, mimi pia.

Basi akajisogeza akajibana kwangu, mgongo wake tumboni mwangu, kama amekwishajua mimi ni nani, akalala.

Tumepata chumba hapa Buyenzi. Hakuna umeme. Jioni Modeste anawasha taa yake ya presha, anaiweka urefu wa mkono, anatukanda mmoja mmoja, anatufunga vitambaa, akimaliza anasema tayari, kesho tena. Leo mwezi ni mkubwa, nikamwambia apumzike. Akasema hii haipumziki. Akaiwasha.

Uje, Mama. Nyandwi anajua njia. Generose anauliza nani atamkanda magoti vizuri, anasema baba anakanda kama anavuta nyavu. Tumekuwekea mahali upande wa ukuta, karibu naye.

Mukamwana wako,
Ernestine